RCD inashuka kila hita ya bafuni ikiwashwa, na hita haina kosa: uchambuzi wa kisa cha nyumba moja ya pwani

Kisa hiki ni cha nyumba ya kuishi mkoani Dar es Salaam. Mtaa, majina ya wakazi na ya mafundi waliopita vimeondolewa, na vipimo vimesogezwa kwenye namba za karibu ili hesabu zifuatike kwa urahisi. Kimeandikwa kwa ajili ya mafundi umeme wa majumbani, na kwa mwenye nyumba anayetaka kujua amuulize fundi nini kabla hajatoa hela ya kifaa kipya.

## Nyumba na mfumo wake

Ni nyumba ya chini, vyumba vinne, watu sita. Umeme ni wa fezi moja, volti 230, unaopita mita ya LUKU kisha kuingia kwenye meni swichi yenye RCD moja (kifaa kinachokata umeme kikiona sehemu ya mkondo inapotelea ardhini; mafundi wengi bado wanaiita ELCB) ya ampea 63 na miliampea 30. Baada ya RCD kuna breka nane: taa za ndani, soketi za vyumbani, soketi za jikoni, jiko, AC ya chumba kimoja, hita ya bafuni, pampu ya maji na taa za nje. Breka zote nane ni za kukata waya wa laivu (unaoleta umeme) peke yake. Nyutro (waya zinazourudisha) za njia zote nane zinakutana kwenye ukanda mmoja wa shaba, na hakuna breka yoyote inayozigusa. Jambo hili dogo ndilo lililowazungusha watu kwa miezi.

Erthi ya nyumba ni nondo moja ya shaba iliyochimbiwa kwenye udongo wa kichanga. Hakuna waya wa erthi unaoletwa kutoka nguzoni, yaani ni mfumo wa TT. Kwenye mfumo wa namna hii usalama wa mtu unategemea RCD, si breka, na sababu itaonekana mbele.

Maji ya bomba huja kwa mgao, kwa kawaida usiku, mara mbili au tatu kwa wiki. Huingia kwenye tanki la chini la lita 5,000, kisha pampu ya farasi 0.75 (kilowati 0.55) huyapandisha kwenye simtanki la lita 2,000 juu ya mnara. Kando ya tanki la chini kuna chemba ndogo ya saruji yenye vali. Boya la tanki limezeeka na halifungi sawasawa, kwa hiyo siku maji yakija kwa nguvu tanki hufurika na chemba hujaa.

Hita ya bafuni ni ile ya kichwa cha shawa, kilowati 5.5. Inakula kama ampea 24, ina breka ya ampea 32 na waya wa milimita 4 za mraba. Hapo hakuna tatizo.

## Malalamiko

Lalamiko lilikuwa moja na lilielezwa kwa uhakika: mtu akifungua shawa ya moto, nyumba nzima inazimika. Sekunde moja au mbili tu, RCD iko chini. Ukiipandisha bila kufungua maji ya moto, inakaa. Ukifungua tena, inashuka.

Mama mwenye nyumba aliongeza kwamba si kila siku. Kuna wiki mtu anaoga maji ya moto siku tatu mfululizo bila shida. Na mara chache ilishuka jioni kati ya saa 1 na saa 3, wakati hakuna aliyekuwa bafuni. Habari hizi mbili mafundi waliotangulia walizichukulia kama kelele. Dada wa kazi ndiye aliyesema jambo la maana kuliko yote, tena kwa kuulizwa: usumbufu unaanza siku inayofuata usiku wa maji, na unapungua maji yakikaa siku nyingi bila kuja.

## Waliotangulia walifanya nini

Fundi wa kwanza alibadilisha RCD, kwa hoja kwamba ile ya zamani imekuwa nyepesi. Si hoja ya kijinga, maana RCD huchoka. Lakini hakuipima ile ya zamani kabla ya kuitoa, na mpya ilishuka kesho yake.

Wa pili alitafuta kwa njia inayofundishwa sana: shusha breka zote, pandisha RCD, kisha pandisha breka moja moja mpaka uione inayoangusha. Breka ya hita ikaonekana ndiyo. Akajaribu pia kushusha breka ya pampu na kufungua hita, RCD ikashuka vilevile, akahitimisha kwamba pampu ni salama. Akauza hita mpya. Ilifanya kazi siku nne, kwa sababu wiki ile maji hayakuja.

Wa tatu aliitoa hita kwenye RCD kabisa. Laivu na nyutro ya hita akazifunga upande wa juu, kabla ya RCD, akiacha breka ya ampea 32 peke yake kuilinda. Hapo ndipo kisa kilipoanza kuwa na ladha, maana RCD iliendelea kushuka kila hita ikiwashwa, ingawa umeme wa hita sasa haukupita tena ndani yake. Fundi akasema nyumba ina waya mbovu na inahitaji kufanyiwa wayaringi upya. Mwenye nyumba akaomba rai ya pili kabla ya kulipa.

Tusimame kidogo kwenye kazi ya huyu wa tatu, kwa sababu inaonekana mitaani mara kwa mara. Nondo ya nyumba hii ilipimwa baadaye ikaonyesha omu 110. Laivu ikigusa kasha la hita, mkondo unaokwenda ardhini ni volti 230 gawanya kwa omu 110, yaani ampea 2 na kidogo. Breka ya ampea 32 haiwezi kuona ampea 2. Itakaa juu mwaka mzima. Wakati huohuo kila chuma kilichofungwa kwenye erthi ya nyumba, kuanzia jokofu hadi mabomba ya chuma, kitakuwa na volti zinazokaribia 230 kulinganisha na sakafu yenye maji aliyosimama mtu anayeoga. RCD ingelikata hilo kwa sehemu ndogo ya sekunde.

## Uchunguzi, hatua kwa hatua

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutorudisha hita kwenye RCD mara moja. Kawaida hilo lingekuwa la kwanza kufanywa, lakini ule ufungaji mbovu ulikuwa ushahidi ambao usingepatikana tena kwa urahisi. Bafu lilifungwa, wakazi wakaambiwa wasiguse bomba lolote, mtu mmoja akasimama kwenye meni swichi. Majaribio yaliyohitaji hita yakafanyika haraka, kisha ikarudishwa.

RCD yenyewe. Nyaya zote zinazotoka chini yake zilifunguliwa, ikapimwa kwa kipimo cha RCD cha kupandisha mkondo polepole. Ilishuka kwenye miliampea 22. Hii ni afya kamili: kwa kiwango cha IEC 61008, RCD ya miliampea 30 haipaswi kushuka chini ya 15, na ni lazima iwe imeshuka ikifika 30. Mahali fulani katikati ndipo pake. Kwa hiyo RCD ilikuwa inasema kweli, kuna mvujo.

Mvujo wakati nyumba imetulia. Klampu mita ya mivujo, ile inayosoma miliampea moja moja na si ya kawaida ya ampea, ilizungushiwa laivu na nyutro kwa pamoja mara baada ya RCD. Kama hakuna kinachovuja, waya hizo mbili hubatilishana na mita husoma karibu na sifuri. Ilisoma miliampea 10. Nyumba yenye jokofu, televisheni na chaja chache ina haki ya kuvuja miliampea 1 hadi 3.

Breka zote nane chini. Mita ikasoma miliampea 9.

Namba hii ndiyo iliyofungua kesi. Breka zote zikiwa chini hakuna laivu yoyote inayotoka kwenda ndani ya nyumba. Kama bado kuna mkondo unaopotea, hauwezi kupotea kupitia laivu. Umebaki waya mmoja tu ambao breka haziugusi.

Hita ikiwa nje ya RCD, breka zote zikiwa chini. Hita ilifunguliwa kwa sekunde tatu. RCD ikashuka, ingawa hapakuwa na kifaa hata kimoja kilichowashwa chini yake.

Mzigo usio na maji. Hita ikazimwa, breka za soketi zikapandishwa. Jagi la umeme la wati 2,000 likachomekwa sebuleni, likiwa na maji ya kujaa: mvujo ukapanda kutoka 10 hadi 18. Pasi ya wati 1,000 ikaongezwa kwenye soketi nyingine. RCD ikashuka. Jagi na pasi hizo zilikuwa zimepimwa kabla, na kila kimoja peke yake kilivuja chini ya miliampea 1. Kwa hiyo kilichoiangusha RCD kilikuwa ukubwa wa mzigo, na maji ya bafuni yalikuwa yanasingiziwa.

Hapo umeme ulizimwa kwenye swichi kuu kabla ya RCD, ikathibitishwa kwa mita kwamba hakuna volti, na hita ikarudishwa mahali pake.

Kutafuta nyutro yenye kosa. Nyutro kwenye ukanda hazikuwa na alama wala hazikufuata mpangilio wa breka. Hili hukutwa kwenye nyumba nyingi. Kila moja ilifuatiliwa na kubandikwa jina kabla ya kufunguliwa. Kisha kipimo cha insulesheni (mega) kiliwekwa kwenye volti 500 za DC, kati ya nyutro na erthi. Zikiwa pamoja: megaomu 0.00. Vifaa vyote vilichomolewa kwanza, kwa sababu volti 500 zinaweza kuua ubao wa televisheni au wa AC. Kisha nyutro zikapimwa moja moja:

taa za ndani, soketi na jiko zilikuwa juu ya megaomu 50. AC megaomu 20. Taa za nje megaomu 0.4; hita megaomu 0.2, pampu 0.00.

Kiwango cha chini kinachokubalika kwa njia ya volti 230 ni megaomu 1. Kwa hiyo njia tatu zilikuwa chini ya kiwango, na hapa fundi mwenye haraka angeweza kurudi kwenye hita. Hita za kichwa cha shawa nyingi zina elementi iliyo uchi ndani ya maji. Ukiipima kwa mega ikiwa na maji ndani, unapima maji, na namba ndogo ni ya kawaida. Kwa maji ya kisima yenye chumvi ya ukanda huu itakuwa ndogo zaidi. Kipimo cha haki kwa hita ya aina hiyo ni klampu ya mivujo ikiwa inafanya kazi, na baadaye ilionyesha miliampea 3. Pampu, kwa upande mwingine, haina udhuru. Ohmu mita ya kawaida ilisoma kati ya nyutro yake na erthi kama omu 90, ikipandapanda na kushuka, tabia ya kiungo chenye unyevu.

Pampu au waya wa pampu? Boksi la swichi karibu na pampu lilifunguliwa na pampu ikatengwa. Mota ilisoma zaidi ya megaomu 100. Waya kutoka meni swichi hadi boksi ulibaki 0.00. Waya huo unapita ndani ya bomba la plastiki chini ya ardhi, na bomba linakatiza kwenye chemba ya vali.

Chemba. Maji yalikuwa yamebaki kama sentimita 8. Bomba la waya lilikuwa limekatwa humo ndani na waya umeungwa: nyuzi zimesokotwa kwa koleo, kila moja ikazungushiwa tepu ya umeme, kisha zote tatu zikafungwa pamoja kwa tepu nyingine hadi kuwa fundo la ukubwa wa yai. Tepu ilikuwa imelegea gundi na kuteleza kama ngozi ya kitunguu. Kiungo cha laivu kilikuwa upande wa juu, kikavu, shaba yake bado ina rangi yake. Vya nyutro na erthi vilikuwa chini, vikigusana ubavu kwa ubavu, vimefunikwa kutu ya kijani na unga mweupe wa chumvi. Alama ya maji kwenye ukuta wa chemba ilikuwa juu ya fundo hilo kwa upana wa viganja viwili.

## Kwa nini hita ilisingiziwa

Sehemu hii inastahili hesabu, kwa sababu bila hesabu inasikika kama uchawi.

Nyutro imefungwa ardhini kwenye transfoma. Watu wengi, mafundi wakiwemo, wanaichukulia kana kwamba ina volti sifuri popote ilipo. Haina. Mkondo wote nyumba inaoutumia hurudi transfoma kupitia waya wa nyutro, na waya una ukinzani. Katika nyumba hii ukinzani wa nyutro kutoka meni swichi hadi transfoma ulikuwa kama omu 0.18. Hita ikivuta ampea 24, nyutro ya nyumba inapanda volti 4.3 juu ya ardhi. Hata nyumba ikiwa imezima kila kitu, mizigo ya majirani kwenye laini ileile ilikuwa tayari imeinyanyua kwa volti 2.1 hivi.

Jumla yake, volti 6.4, haziwezi kumdhuru mtu, na katika nyumba isiyo na kosa hazifanyi kitu. Lakini hapa palikuwa na njia: kutoka nyutro, kupitia fundo la chemba lenye omu 90, kwenda waya wa erthi, hadi nondo yenye omu 110, kisha ardhini kurudi transfoma. Jumla omu 200. Nyumba ikiwa imetulia, volti 2.1 gawanya kwa 200 ni miliampea 10. Ukiwasha jagi ni 18. Hita ni 32, na RCD hii inashuka kwenye 22. Namba za klampu na za hesabu zinakubaliana.

Kutoka hapo kila kilichoonekana cha ajabu kinaeleweka. Breka ya pampu ikishushwa haibadilishi kitu, kwa sababu inakata laivu na kosa liko kwenye nyutro. Hita ikihamishwa nje ya RCD haibadilishi kitu, kwa sababu volti zinajijenga kwenye waya wa nje wa nyutro, ambao hita bado inautumia. Jioni majirani wote wanapika na kuwasha AC, nyutro inapanda bila nyumba hii kufanya lolote, na pasi moja inatosha kumalizia. Na chemba ikikauka, omu 90 zinakuwa maelfu, kila mtu anaoga salama, na fundi wa mwisho kupita anapata sifa.

Kuna mtego wa kipimo hapa. Volti kati ya nyutro na erthi kwenye meni swichi, kosa likiwa bado lipo, zilisoma 0.9 tu. Mtu angeona hiyo akasema nyutro ni nzuri. Lakini kosa lenyewe linainua erthi ya nyumba pamoja na nyutro, kwa hiyo mita inaona sehemu tu ya tofauti. Volti 2.1 za kweli zilionekana baada ya nyutro ya pampu kufunguliwa. Kipimo hiki kikikupa makumi ya volti, hasa zikicheza na taa zikibadilika mwanga, tatizo liko nyutro ya nje, nguzoni au kwenye mita. Hiyo si kazi ya fundi wa mtaani: zima swichi kuu, piga simu ya dharura ya TANESCO.

Ipo pia "tiba" moja inayofanya kazi kila mara na ndiyo mbaya kuliko zote: kufungua waya wa nondo. Ukiukata, njia ya omu 200 inakatika, RCD inatulia, mteja anafurahi. Siku laivu itakapogusa kasha la kifaa, njia pekee iliyobaki ya kwenda ardhini ni mwili wa mtu.

## Matengenezo na sababu zake

Fundo halikufungwa upya kwa tepu bora. Kiungo ndani ya chemba inayojaa maji kitarudi palepale, hata kikijazwa gundi ya kuzuia maji, kama hakuna anayekikagua. Ilivutwa kebo mpya ya nyaya tatu za milimita 2.5, mita 19, bila kiungo, kutoka meni swichi hadi kwenye boksi jipya la kuzuia maji lililofungwa ukutani sentimita 60 juu ya ardhi. Njia yake ilihamishwa isipite kwenye chemba. Kebo inaingia boksini kutoka chini kupitia glandi (kibano kinachozuia maji), na kabla ya kuingia inaning'inia kwenye kitanzi ili matone yadondoke badala ya kufuata kebo ndani. Bomba la zamani lilizibwa pande zote mbili, maana bomba tupu la chini ya ardhi huwa mfereji wa kupeleka maji hadi ndani ya meni swichi.

Boya lilibadilishwa na bomba la kumwagia likarefushwa hadi nje ya uwanja wa chemba. Bila hilo kazi ya umeme ingekuwa nusu.

Swichi ya pampu iliwekwa ya kukata laivu na nyutro pamoja. Hapo fundi ajaye anaweza kuitenga kweli.

Meni swichi ndiyo iliyohitaji majadiliano. Pendekezo la kwanza lilikuwa RCBO (breka na RCD katika kifaa kimoja) za kukata waya zote mbili, moja ya hita na moja ya pampu, ili kosa la njia moja lisizime nyumba. Bajeti haikufika. Ilichaguliwa RCD ya pili ya ampea 40, miliampea 30, kwa pampu na taa za nje, na hita ikabaki kwenye ya kwanza pamoja na njia za ndani. Nyumba yenye RCD mbili lazima iwe na kanda mbili za nyutro. Fundi akisahau nyutro moja kwenye ukanda wa zamani, RCD moja au zote mbili zitashuka mara tu kifaa cha njia hiyo kikiwashwa, na atadhani amenunua vifaa vibovu.

Nondo ya pili iliongezwa mita 3 kutoka ya kwanza na ukinzani ukashuka hadi omu 48. Kwa RCD ya miliampea 30 hata omu 110 zingepita, kwa kuwa kanuni inataka ukinzani wa nondo ukizidishwa na mkondo wa RCD usivuke volti 50. Tatizo ni kiangazi: mchanga ukikauka nondo fupi hupoteza mguso.

## Matokeo

Baada ya kazi, nyutro ya pampu ilisoma zaidi ya megaomu 100. Mvujo wa nyumba iliyotulia ulikuwa miliampea 1.5 kwa RCD zote mbili kwa pamoja, na hita ikiwaka ulikuwa chini ya 5. RCD zote zilipimwa tena kwa kipimo, kisha kwa kitufe chao. Kitufe kinathibitisha tu kwamba mtambo wa RCD unasogea, hakithibitishi erthi.

Vipimo vilirudiwa baada ya masika na usiku kadhaa wa maji: 1.6. Hita iliyouzwa na fundi wa pili ilibaki, haikuwa na kosa. Ile iliyotolewa, kwa uwezekano mkubwa, haikuwa na kosa pia.

## Kilichosaidia na kilichokwamisha

Kilichosaidia zaidi ya mita yoyote ni maswali matatu: kinachoshuka ni RCD au breka? Kinashuka papo hapo au baada ya muda? Ni siku zote au kuna siku? Swali la tatu lilielekeza kwenye tanki kabla chombo hakijafunguliwa. Aulizwe anayekaa nyumbani mchana, si anayelipa bili peke yake.

Kilichokwamisha ni mbinu ya breka moja moja. Ni mbinu nzuri kwa kosa la laivu. Kwa kosa la nyutro inadanganya kwa namna mbaya, maana haisemi "sijui", inakutajia jina la kifaa kinachokula umeme mwingi. Katika nyumba zetu kifaa hicho mara nyingi ni hita ya bafuni. Fundi asiye na klampu ya mivujo bado ana jaribio rahisi: zima hita, washa mzigo mwingine mkubwa usiohusiana na maji, kama jagi na pasi pamoja. RCD ikishuka kwa hivyo pia, acha hita, nenda kwenye ukanda wa nyutro.

Kubadilisha vifaa bila kupima kuligharimu zaidi ya fedha. Kila kifaa kipya kilisadifu siku kavu na kuonekana kimeponya, kwa hiyo kiliondoa mashaka mahali palipostahili mashaka.

## Ukikuta dalili nyingine

Si kila RCD inayoshuka kwa maji ni ya kisa hiki. Ikishuka papo hapo unapofungua bomba lolote, hata la baridi, na nyumba ina pampu ya kusukuma inayojiwasha yenyewe, shuku pampu: mara nyingi sili ya shafti ya mota imechoka na maji yameingia kwenye waya za ndani. Hilo ni kosa la laivu, na breka ya pampu ikishushwa tatizo litaondoka.

Hita ya tangi ikiangusha RCD dakika chache baada ya kuwaka, huenda ganda la elementi limepasuka. Likipoa linajibana, likipata moto linafunguka. Hita ikiwa ya baridi, mega inaweza kuisifia.

Ikishuka nusu saa au zaidi baada ya watu kuoga, halafu asubuhi iko sawa, tafuta maji yanayopenya kwenye maungio ya vigae au bomba la ukutani na kuingia kwenye boksi la soketi upande wa pili wa ukuta, au taa ya dari chini ya bafu la ghorofani. Kosa hilo hukauka kabla fundi hajafika. Mpe fundi miadi muda huohuo, na bafu litumike kabla.

Mtu akihisi mtekenyo kwenye bomba au kwenye maji ya shawa, hakuna cha kuchunguza kwanza. Swichi kuu inazimwa na inabaki chini.

Katika nyumba hii limebaki jambo moja. Taa ya geti, kwenye njia ya taa za nje iliyosoma megaomu 0.4, ina kasha lililopasuka linaloingiza mvua. Mwenye nyumba hakuwa tayari kununua nyingine siku ile. Laivu na nyutro yake zote mbili zimefunguliwa, zikafungwa kwenye konekta ndani ya boksi kavu, na karatasi imebandikwa mlangoni mwa meni swichi: "Taa ya geti imetolewa, isirudishwe kabla ya kubadili kasha."